Fidla ya waya: shajara ya mradi, Julai hadi Agosti 2025

Jumamosi, 5 Julai

Naanza kwa kuandika ninachokitafuta, ili nikipotea njiani nipate pa kurudi.

Mjomba wangu amepiga fidla ya taarabu hapa Unguja tangu kabla sijazaliwa. Mwaka juzi vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kukakamaa. Upinde anaushika vizuri, lakini nyuzi hawezi tena kuzikandamiza, na kile ambacho watu walimjua nacho, ule mtikisiko mwembamba unaoingia nota ikiwa imeshakaa, sasa kimebaki kwenye kanda tu. Mimi fidla siijui. Nina sinthesaiza ya analogi, Korg MS-20 mini, niliyoinunua mkononi kwa mtu. Nataka niipange mpaka mkono wake wa kulia, ambao ni mzima, uweze kuiimbisha anavyotaka yeye.

MS-20 ya kwanza ilitengenezwa Japani mwaka 1978. Hii mini ilitoka 2013, na sakiti yake ni karibu ileile ila umbo limepunguzwa hadi asilimia 86. Upande wa kulia ina ubao wa matundu, na kila tundu ni mlango wa volti: mengine hutoa, mengine hupokea. Unachomeka waya kutoka hapa kwenda pale, na sehemu moja ya mashine inaanza kuiamuru nyingine. Hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Vinanda vya taarabu ya siku hizi unabonyeza namba, fidla inatoka, na inatikisika vilevile kwa kila nota, ya furaha na ya msiba.

Leo nimepanga sauti ya msingi tu. Osileta zote mbili, yaani sehemu zinazozalisha sauti, nimeziweka kwenye wimbi la msumeno, ya pili nimeipotosha kidogo sana hadi zikawa zinapishana polepole, pigo moja kwa sekunde hivi. Sauti nzito nimezikata, kwa sababu uzi mzito wa fidla ni G ya hezi 196 na chini ya hapo haina kitu. Nilitaka pia upana wa wimbi la pulsi ubadilike wenyewe, lakini kwenye mashine hii nobu ya upana hugeuzwa kwa mkono tu, haina tundu. Kule kupishana kwa osileta mbili kunatosha kwa sasa.

Nikibonyeza nota inasimama kama ubao. Nimeiacha hivyo.

Jumatatu, 7 Julai

Chanzo cha modulesheni ni volti isiyosikika. Haitoi sauti, inaisukuma sauti. Kwenye MS-20 vyanzo vikuu ni osileta ya polepole iliyoandikwa MG, envelopu mbili (volti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio kila nota inapobonyezwa), kelele, ile sehemu ya kuchukua volti na kuishika, na gurudumu la mkono lililo kushoto mwa kinanda. Mambo haya yana asili yake. Robert Moog alipojenga moduli zake za kwanza Marekani mwaka 1964, jambo jipya lilikuwa hili la volti kutawala volti. Mwaka uliofuata mtunzi Vladimir Ussachevsky akamtaka amtengenezee envelopu ya hatua 4: kupanda, kushuka, kukaa, kuachia. Mpaka leo sinthesaiza nyingi duniani zinafuata hatua hizohizo.

Nimefungua nobu ya MG kwenye osileta, wimbi la pembetatu, kasi ya kati. Mtikisiko ukaja. Nikamwita mjomba.

"Shikamoo mjomba. Hebu sikia."

"Marahaba." Akasikiliza nota 3. "Huyu anatetemeka hajasema neno. Ana homa?"

"Nipunguze?"

"Si kupunguza. Nota inaingia, inakaa, inakusalimu. Ndipo unaitikisa. Wewe umeanza na kuitikisa."

Nimeiandika kama alivyoisema, maana nimesoma maelezo mengi kuhusu mtikisiko na hakuna lililoniambia hili kwa uwazi kiasi hicho.

Alhamisi, 10 Julai

Leo sikugusa mashine. Nimechukua kanda zake 2 za zamani, nikazirekodi kwenye laptopu, nikakuza mchoro wa mawimbi ya nota ndefu 6 na kuhesabu moja moja.

Wapiga fidla wengi hutikisa mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Yeye huanza kwenye 5 na kitu, karibu 6 nota inapokwisha. Nota huingia imenyooka. Kwa karibu thuluthi ya sekunde hakuna kitu, halafu mtikisiko unaingia ukiwa mdogo na kukua. Kwenye nota moja, ya neno ambalo mwimbaji alilivuta kwa uchungu, alingoja karibu sekunde nzima. Nimeirudia hiyo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Kuna jambo jingine nililiona kwenye mchoro. Kimo kinapopanda na kushuka, ukali wa sauti nao unabadilika, kwa sababu mwili wa fidla una mivumo yake isiyohama: sauti ndogondogo zilizo ndani ya nota zinapopita mbele yake, moja inanyanyuka, nyingine inafifia. Kwa hiyo kutikisa osileta peke yake hakutoshi. Filta, sehemu inayokata baadhi ya sauti, nayo lazima isogee, kidogo.

Jumamosi, 12 Julai

Mpango wa waya. Nauandika kwa ukamilifu kwa atakayetaka kuujaribu.

Tundu la MG la wimbi la pembetatu linaingia kwenye ile amplifaya ndogo ya modulesheni iliyoko kwenye ubao. Amplifaya hii haishughuliki na sauti, kazi yake ni kuikuza au kuibana volti ya chanzo kingine. Tundu lake la amri nimelipa envelopu ya kwanza. Envelopu ya kwanza ya MS-20 ina nobu 3: kuchelewa, kupanda, kuachia. Kuchelewa nimekuweka theluthi ya sekunde kwa sikio, kupanda polepole. Kinachotoka kwenye amplifaya kinaingia tundu la TOTAL, ambalo hugawa volti kwa osileta na kwa filta zote mbili, kila moja na nobu yake ya kiasi. Osileta nimeifungulia kidogo, filta ya juu kidogo zaidi.

Maana yake: MG inatikisa, lakini haina ruhusa ya kutikisa mpaka envelopu iseme. Chanzo kimewekewa msimamizi.

Kwa nadharia. Kwa vitendo hakuna kilichotokea. Nota imenyooka mwanzo hadi mwisho.

Jumatano, 16 Julai

Usiku wa siku 3 nikitafuta kosa. Nilisoma upya ubao wote, nikabadilisha tundu, nikaanza kuamini amplifaya ndogo imekufa na mashine niliuziwa ikiwa na kasoro. Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, na uliporudi ikanibidi ningoje karibu nusu saa osileta zipate joto na kutulia kwenye tyuni. Katika kungoja ndipo nikafikiria waya.

Ulikuwa mmoja kati ya waya 10 nilizonunua pamoja dukani. Kwa nje mzima kabisa. Nimeupima kwa mita: ukinyooka unapitisha, ukiukunja karibu na kichwa unakatika. Na kwenye ubao ulikuwa umekunjwa pale pale. Nimeubadilisha, nikabonyeza D ya katikati.

Nota iliingia, ikakaa. Halafu ikatikisika.

Nimepima na waya 9 zilizobaki. Mwingine mmoja una ugonjwa huohuo. Yeyote anayefanya kazi ya matundu, apime waya zote siku ya kwanza kabla hajalaumu kitu kingine.

Mjomba alisikia kutoka barazani. Hakuingia. Alisema tu, "Sasa huyo ana adabu."

Jumapili, 20 Julai

Leo ameingia na kukaa, na tatizo jipya limekuja naye.

"Nipigie bayati."

Bayati ni mojawapo ya maqamu, mizani za nota za Kiarabu zinazotumika kwenye taarabu. Ya D inahitaji E iliyoshuka takriban robo toni, kati ya E na E bemoli. Kinanda hakina kibonye hicho. Hilo ndilo lalamiko la wazee wa taarabu tangu vinanda vya umeme vilipoingia: maqamu yanayotaka robo toni yanaachwa au yananyooshwa, na masikio ya vijana yanazoea yaliyonyooshwa.

Lakini osileta ya analogi haijui vibonye, inajua volti tu. Gurudumu la mkono lina tundu lake la kutoa. Nimelichomeka kwenye tundu la FREQ, la kimo cha osileta, ambalo linapita kwenye nobu ya envelopu ya kwanza upande wa osileta. Nobu hiyo ndiyo inayoamua gurudumu lina nguvu kiasi gani. Ikifunguliwa robo tu, ukisukuma gurudumu sauti inaruka mbali. Nimeifungua nywele moja. Nikaweka programu ya tyuni ya simu mbele yangu, nikavuta gurudumu hadi mwisho wa chini, nikageuza nobu hadi simu ikasoma senti 50, yaani robo toni, chini ya E. Nobu ilisogea upana wa ukucha. Kisha nimeweka alama ya penseli kwenye paneli, kwa sababu mashine hii haina kumbukumbu ya aina yoyote. Usipoandika, umepoteza.

Nikapiga D, E na gurudumu chini, F, G, nikarudi. Mjomba alifumba macho.

"Ipo. Lakini umeifunga kwa rula. Ukipanda kwenda F, hii E inanyanyuka kidogo. Ukirudi nyumbani, inalala."

"Kiasi gani?"

"Hakuna kiasi. Unaisikia."

Nimetazama alama yangu ya penseli. Senti 50 ni namba ya kitabu. Yeye anataka E inayohama ndani ya wimbo mmoja, na chanzo pekee kwenye mashine hii kinachoweza kujua wimbo unakwenda wapi ni mkono.

Jumamosi, 26 Julai

Jambiani, kurekodi bahari. Kipande tutakachorekodi na mjomba kitahitaji kitu chini ya fidla, na sitaki ngoma.

Nilikwenda na picha kichwani ya mawimbi yanayokuja moja moja, pwaa, halafu kimya, pwaa. Msimu huu wa kusi sivyo kabisa. Mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani, mbali, na kinachofika ufukweni ni muungurumo mmoja usiokatika. Karibu na miguu ndiyo vijimawimbi vidogo vinalamba mchanga, bila mpango: viwili vikifuatana, kimya kirefu, kimoja kikubwa. Nilikaa tangu alasiri hadi magharibi. Kina mama walikuwa wanarudi kutoka kwenye mwani. Nilirekodi dakika 40 na kuandika kwenye daftari nafasi kati ya kijiwimbi na kijiwimbi. Hakuna mbili zilizofanana.

Jumapili, 3 Agosti

Muungurumo ulikuwa rahisi. Kelele ya pinki, nzito kuliko nyeupe, kutoka kwenye ubao hadi tundu la sauti ya nje, filta imeshushwa chini, kibonye kimebanwa kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa. Hakuna modulesheni hata moja. Dakika 5 zimerekodiwa kwa mara moja.

Vijimawimbi vimenichukua siku nzima. Kelele nyeupe kwenye osileta ya kwanza, sauti nzito zimekatwa, MG polepole sana inafungua na kufunga filta. Nobu ya umbo la wimbi nimeigeuza ili ipande haraka na kushuka taratibu, kama maji yanavyorudi. Kijiwimbi kimoja ni kizuri. Vijiwimbi 10 vinasikika kama mtu anayefagia.

Basi nikaenda kwenye sehemu ya kuchukua na kushika. Kazi yake: kila ikipigwa saa, yaani pigo la volti linalojirudia, inatazama volti iliyo mbele yake wakati huo, inaishika, haiachii hadi saa ipigwe tena. Saa nimeipa wimbi la mraba la MG. Cha kutazama nikakipa wimbi la pembetatu la MG hiyohiyo, nikitegemea ngazi za juu na chini. Nikapata volti moja isiyobadilika. Nilidhani waya tena. Nikazipima, zote nzima.

Kosa lilikuwa langu na ni la hesabu. Mraba na pembetatu vinatoka kwenye osileta moja, vinatembea pamoja. Kila saa inapopigwa, pembetatu iko pahala palepale pa mzunguko wake. Ni kama kutazama saa ya ukutani kila siku wakati wa adhana ya adhuhuri na kushangaa mishale haijahama. Nikaondoa pembetatu, nikaweka kelele nyeupe, ambayo haina mzunguko. Sasa kila saa inashika volti tofauti.

Nilipopeleka ngazi hizo moja kwa moja kwenye filta zilikuwa za ghafla mno. Maji hayapandi ngazi. Hapo nikakumbuka mpango wa tarehe 12, na nikaurudia kwa kazi nyingine: pembetatu ya MG inaingia amplifaya ndogo, volti iliyoshikwa inaingia tundu la amri, kinachotoka kinakwenda kwenye filta. MG bado inachora umbo la kijiwimbi, lakini ukubwa wake unaamuliwa upya kila mzunguko. Na kwa kuwa amplifaya hii haijibu volti iliyo chini ya sifuri, karibu nusu ya vijimawimbi haviji kabisa. Sikulipanga hilo. Lakini kimya kile kirefu nilichokiandika kwenye daftari la Jambiani kimo.

Nimeweka rekodi ya ufukweni kwenye sikio la kushoto, ya mashine kwenye la kulia. Hazifanani. Ile ya kweli ina upepo, mtoto anayeita, jogoo. Lakini nafasi zake ni za ndugu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudisha waya za fidla kwa kufuata alama za penseli na picha nilizopiga. Mtikisiko unaochelewa kupitia TOTAL, gurudumu kupitia FREQ, muungurumo na vijimawimbi vikitoka kwenye laptopu kwa sauti ya chini. Mjomba amekaa kushoto kwangu, mkono wa kulia kwenye gurudumu. Mimi nimeshika vibonye.

Mara ya kwanza haikwenda. Nilipiga haraka kuliko anavyopumua. Mara ya tatu nikaacha kumtazama mkono nikamsikiliza, na E ikaanza kutembea: juu kidogo tukipanda, chini kabisa tukirudi kwenye D. Hakuna alama ya penseli iliyofika pale.

Halafu akasimama kwenye G moja ndefu. Nikaona gurudumu linacheza. Hakuwa anavuta, alikuwa anatikisa kifundo cha mkono mbele na nyuma, upana wa punje ya mchele. Mtikisiko wake na mtikisiko wa MG vikawa vinagongana, viwili kwenye nota moja, na sauti ikachafuka.

"Hii nyingine izime," akasema.

"Mjomba, hii ndiyo ile inayosubiri. Nimeipima kutoka kwenye kanda zako."

"Najua. Inasubiri vizuri. Lakini inasubiri vilevile kila siku."

Nilitaka kumweleza kwamba naweza kuongeza muda wa kuchelewa, kwamba hata kuchelewa kwenyewe kunaweza kupangiwa. Kabla sijafungua mdomo alinyoosha mkono mpaka kwenye ubao, akafuata waya kwa kidole kutoka amplifaya ndogo hadi TOTAL, akauchomoa mwenyewe.

"Piga G."

Nikapiga. Nota ikaingia, ikakaa. Ikakaa zaidi. Nilihesabu moyoni, nikapita thuluthi ya sekunde, nikapita nusu, na gurudumu bado halijasogea. Nilikuwa karibu kunyanyua kidole ndipo kifundo cha mkono wake kilipoanza.

Tumerekodi mara 4. Ya pili ndiyo. Katikati gurudumu lina mnaso mdogo kwenye sifuri, na kwenye nota zisizo E anausikia chini ya mkono na unamkera. Wiki ijayo nitafungua kisanduku kuona kama mnaso huo unaweza kulainishwa bila kuharibu kitu. Waya wa TOTAL nimeukunja nikauweka kwenye kopo pamoja na zile mbili mbovu zilizofungwa utepe mwekundu.